Barua kuhusu Keringet: miaka ya katikati

Nakuru, Jumapili jioni

Mdogo wangu mpendwa,

Kila siku Mama anauliza kama theluji ya huko Edmonton imekwisha.

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Najua ulivyokuuma. Miaka yote hii kijana wetu, mwanao, ameamka saa kumi alfajiri, wewe ukimwendesha gizani kwenda uwanja wa barafu kabla ya shule. Kisha siku ya timu za vijana kuchagua wachezaji, majina yakasomwa mpaka la mwisho na la kwake halikusikika. Unaniuliza umwambie aendelee, au atundike gongo lake na ashike vitabu. Hoki ya barafuni nimeijua kupitia kwenu tu. Lakini nimetoka safari ya Molo na Keringet, na niliyoyaona huko yanagusa swali lako hasa. Kwa hiyo jimiminie chai, ukae, nikusimulie.

Kwanza Nakuru yenyewe. Ile uliyoiacha siyo hii. Tangu Desemba 2021 ni jiji rasmi, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na watu wake wanalitamka neno hilo kwa fahari. Tuktuk na bodaboda zimejaa kila kona, ghorofa zinapanda hadi mitaa tuliyoijua kwa miti na nyua za michongoma. Kreta ya Menengai bado iko pale pale, mgongo wake mrefu umelala kaskazini mwa mji. Ziwa Nakuru ndilo limebadilika. Maji yamepanda mpaka yakalimeza lango kuu la zamani la hifadhi, na ile migunga iliyokuwa ufuoni imebaki vigogo vikavu vilivyosimama majini. Flamingo wengi walihamia Ziwa Bogoria. Wakirudi kidogo, mji mzima unajua, hata mwenye kibanda cha mahindi ya kuchoma atakwambia.

Jioni nilipita karibu na ule ukumbi wa ndondi ambao watu wa Nakuru huuita Madison Square Garden. Marehemu Baba alikuwa akitusimulia habari za Philip Waruinge, unakumbuka? Klabu ya ndondi ya Nakuru ndiyo iliyomlea. Alikwenda Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 akiwa kijana, akarudi mikono mitupu. Miaka minne baadaye, Mexico, alichukua shaba ya uzani wa unyoya, na juu ya hiyo shaba akapewa kombe la Val Barker, linalotolewa kwa bondia aliyeonyesha ufundi bora katika Olimpiki nzima. Yaani waliochukua dhahabu walikuwepo, lakini waamuzi wakaona fundi ni yule wa shaba kutoka Kenya. Munich 1972 akapata fedha. Baadaye akaenda Japani kupigana ngumi za kulipwa. Alipoondoka Tokyo mara ya kwanza, nani angemtabiria hayo? Weka hiyo miaka minne ya Waruinge akilini, nitairudia.

Asubuhi nikapanda matatu ya Molo. Njia ni ile ile: unatoka Nakuru, unapita Njoro na mashamba ya ngano na Chuo Kikuu cha Egerton, unafika Elburgon ambako harufu ya mbao mbichi inaingia dirishani kabla hujaona kiwanda chochote, kisha unapanda. Kila kilomita baridi inaongezeka. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukifika Molo umekaribia 2,500. Abiria walikuwa wakivaa masweta mmoja baada ya mwingine bila kuambiana. Molo yenyewe ni waru mtindo mmoja: magunia yamepangwa kando ya barabara, lori linapakiwa, mawakala wanabishana bei. Kutoka hapo nikachukua gari jingine la kuelekea Olenguruone, na Keringet iko njiani.

Keringet utaipenda. Ni kituo kidogo cha biashara katika Kuresoi Kusini, mlangoni pa msitu wa Mau. Asubuhi ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya maduka, pikipiki zinapita zimebeba mitungi ya maziwa kwenda kwenye mtambo wa kupozea, watoto wa shule wamevaa gambuti na masweta ya rangi za shule zao. Ukisalimia kwa Kiswahili unajibiwa; ukisema "chamgei" kwa Kikalenjin, unakaribishwa ndani. Mwenyeji wangu alinimiminia maziwa ya mursik kutoka kwenye kibuyu, ule wa mkaa wa msenetwet, mweusi kidogo, mkali kidogo. Kwa hali ya hewa ile unaingia mwilini kama dawa.

Kesho yake nilitoka mapema kwa sababu niliambiwa wasichana wa shule wanakimbia mlima ulio nyuma ya soko. Barabara ni ya murramu, nyekundu, imelainishwa na mvua. Walikuwa kundi la kama wasichana kumi na watano. Mmoja, wa miaka kama 14, alikuwa amevaa viatu vya mbio ambavyo kisigino cha kimoja kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Alipanda mlima mara kadhaa, uso umekazwa, mikono haipepei ovyo. Alipomaliza zamu yake aliketi kwenye jiwe, akavivua, akampa mwenzake aliyekuwa akisubiri peku. Yule akavivaa vikiwa bado na joto la mguu wa mwenzake, akazungusha kamba chini ya wayo kisha juu, kwa kuwa vilikuwa vikubwa, akateremka kuanza. Hakuna aliyesema neno. Ni utaratibu wao, kila mtu anaujua.

Usinielewe vibaya. Sikwambii kwamba kukosa viatu ndiko kunakozaa mabingwa. Watoto wasio na viatu wamejaa duniani na hawakimbii popote. Ningekuwa na uwezo, kila msichana pale angekuwa na jozi yake. Kinachozaa wakimbiaji Keringet ni kingine: mwinuko, ndiyo, na barabara zisizo na magari mengi, lakini zaidi ni kwamba ukikimbia, yuko wa kukimbia naye aliye bora kuliko wewe kidogo, yuko mwalimu anayekuangalia, na kijiji kizima kinajua unachokitafuta.

Mwalimu wao wa michezo alikuwepo, ameshika saa na daftari lililofunikwa nailoni kwa sababu ya ukungu. Tulizungumza hadi jua likatoka. Akanieleza ngazi wanazopanda: mashindano ya shule huanza zoni, yanapanda kaunti ndogo, kaunti, kanda, hadi taifa, na bora zaidi wanakwenda Afrika Mashariki. Kila ngazi wengi wanabaki nyuma. Nikamuuliza jinsi anavyomtambua atakayefika mbali. Akasema kwamba mshindi wa miaka 14 anaweza kumtaja kwa jina hata akiwa amefumba macho. Mshindi wa miaka 22 hawezi kumtaja, maana kati ya umri huo na huo yako mambo ambayo saa yake haipimi. Kisha akataja jina moja ambalo Keringet nzima hulitaja kama la mtoto wa nyumbani.

Ni Faith Kipyegon, bila shaka. Unamjua kwa medali. Mimi nataka nikwambie habari ya ujana wake, kwa sababu ndiyo inayomhusu kijana wetu. Alizaliwa Januari 1994, mtoto wa nane kati ya tisa, kwenye familia ya wakulima. Akiwa msichana alipenda kandanda. Alipokuwa na miaka 14, kwenye kipindi cha mazoezi shuleni, darasa liliambiwa likimbie kilomita moja. Akashinda kwa mita 20 hivi. Ndivyo mambo yalivyoanza.

Miaka miwili baadaye, Machi 2010, alikuwa Bydgoszcz, Polandi, kwenye mbio za nyika za dunia za vijana, akikimbia peku. Alimaliza wa nne, na timu ya Kenya ikachukua dhahabu. Mwaka 2011 akaenda Punta Umbría, Uhispania, peku tena, na safari hii akawa bingwa wa dunia wa vijana. Mwaka huo huo, Lille, Ufaransa, akachukua dhahabu ya mita 1500 ya walio chini ya miaka 18. Julai 2012, Barcelona, akachukua ile ya walio chini ya miaka 20. Ungemwona wakati ule ungeapa kwamba mlango umeshafunguka na kilichobaki ni kuingia tu.

Agosti 2012, wiki chache baada ya Barcelona, alisimama kwenye mstari wa Olimpiki ya London. Akatolewa kwenye mchujo wa kwanza kabisa. Bingwa wa dunia wa vijana wa umbali ule ule hakufika hata nusu fainali.

Hapo ndipo nilipotaka kukufikisha. Kuna miaka ambayo haisimuliwi. Tunasimulia utoto, kwa sababu unachekesha na kugusa moyo. Tunasimulia ushindi, kwa sababu televisheni ilikuwepo. Ya katikati tunairuka. Lakini ndiyo miaka iliyomfanya. Mwaka 2013 Kipyegon alikimbia Doha kwa dakika 3:56.98, rekodi ya Kenya, akiwa na miaka 19, na bado hakushinda mbio hizo. Moscow, kwenye ubingwa wa dunia wa wakubwa, akawa wa tano. Mwaka 2014 akashinda Glasgow kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 2015, Beijing, akawa wa pili nyuma ya Genzebe Dibaba wa Ethiopia, aliyekuwa ametoka kuvunja rekodi ya dunia. Tazama mtiririko wa Olimpiki na ubingwa wa dunia: mchujo, wa tano, wa pili. Kila mara kulikuwa na mtu mbele yake. Kila mara alirudi nyumbani, akaanza tena kilomita za asubuhi.

Agosti 2016, Rio, Dibaba alikuwa mbele kwenye mzunguko wa mwisho na Kipyegon akampita. Dhahabu. Kutoka Barcelona mpaka Rio ni miaka minne, sawasawa na ile ya Waruinge kutoka Tokyo mpaka Mexico.

Yaliyofuata unayajua. Alizaa binti mwaka 2018, akarudi, akapata fedha Doha 2019, kisha dhahabu za Olimpiki za Tokyo na Paris. Hakuna mtu mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kushinda mita 1500 kwenye Olimpiki tatu. Juni 2023, Florence, alikimbia kwa dakika 3:49.11 na kuwa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya 3:50. Julai 5, 2025, Eugene, Marekani, akaishusha rekodi mpaka 3:48.68. Siku hiyo hiyo, kwenye uwanja huo huo, Beatrice Chebet wa Londiani akawa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 5000 chini ya dakika 14. Fungua ramani uangalie Londiani na Keringet zilivyokaribiana. Rekodi mbili za dunia kwa siku moja, kutoka vilima ambavyo matatu ya Molo inaviona vyote!

Chebet naye alipitia mashindano ya vijana: bingwa wa dunia wa mita 5000 wa walio chini ya miaka 20 mwaka 2018, bingwa wa nyika wa vijana mwaka 2019 huko Aarhus, akishinda kwa tofauti ndogo hadi waamuzi wakalazimika kutazama picha. Lakini dhahabu zake mbili za Olimpiki, za 5000 na 10,000, alizipata Paris mwaka 2024. Hesabu mwenyewe.

Sitakuficha upande wa pili, maana wewe ni mzazi. Miaka ya katikati ni ya hatari. Agnes Tirop wa Nandi alipata shaba za dunia za vijana mwaka 2012 na 2014, akawa bingwa wa dunia wa nyika wa wakubwa mwaka 2015 akiwa na miaka 19 tu. Septemba 2021 alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake pekee. Mwezi uliofuata aliuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Wenzake wakaanzisha Tirop's Angels kuwasaidia wasichana wanaonyanyaswa. Pesa na jina huja mapema kwa mtoto wa namna hii, na pamoja nazo wanakuja watu wanaotaka kumshika, kumwongoza, kummiliki. Mwalimu wa Keringet aliniambia kuwa nusu ya kazi yake ni kujua nani anamsubiri msichana nje ya lango. Kwa hiyo, ndugu yangu, unapouliza kama kijana ana kipaji cha kutosha, uliza pia nani yuko karibu naye. Hilo swali la pili ni zito kuliko la kwanza.

Sasa turudi kwenye barafu yenu. Utaniambia kwamba riadha ni riadha, na hoki ya Kanada ni dunia nyingine yenye orodha, mawakala na ligi za ngazi nyingi. Ndiyo maana nataka nikukumbushe mtu ambaye kijana wetu anapaswa kumjua kwa jina na kwa historia: Johnny Oduya. Ni beki, kama yeye. Alizaliwa Stockholm Oktoba 1981, mama Mswidi, baba Mkenya.

Msimu wa 2000–01 Oduya alivuka bahari kwenda huko huko kwenu kucheza ligi ya vijana ya Quebec. Alianza na Moncton Wildcats, kisha akahamia Victoriaville Tigres msimu huo huo. Fikiria kijana wa miaka 19, nchi ngeni, miji miwili katika msimu mmoja, lugha mbili zisizo zake. Mwisho wa msimu, kwenye uteuzi wa wachezaji wa NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, wa mwaka 2001, Washington Capitals walimchukua kwenye raundi ya 7, akiwa wa 221. Wachezaji 220 walitajwa kabla yake! Na hiyo Washington hakuichezea hata mchezo mmoja.

Akarudi Uswidi. Hakuingia hata ligi kuu moja kwa moja. Alianza Hammarby, iliyokuwa kwenye ligi ya pili. Baada ya hapo akapanda hadi Djurgården, kisha Frölunda. Miaka mitano ilipita hivyo, mechi za wiki, mabasi, viwanja visivyotazamwa na mtu yeyote wa Amerika. Wale wa orodha ya 2001 walikuwa wameshasahau kwamba namba 221 ilikuwa na mtu. Majira ya joto ya 2006 New Jersey Devils wakamsajili, na Oktoba akaanza kucheza NHL akiwa ametimiza miaka 25.

Kutoka hapo hakutoka mpaka 2018: New Jersey, Atlanta, Winnipeg, Chicago, Dallas, Chicago tena, Ottawa, Philadelphia. Mechi 850 za msimu wa kawaida. Alicheza Olimpiki mbili na Uswidi, na Sochi 2014 wakachukua medali ya fedha. Akiwa na Chicago Blackhawks alinyanyua Kombe la Stanley, taji la NHL, mara mbili, 2013 na 2015.

Mtafutie kijana video ya ule usiku wa Juni 2013 kule Boston. Chicago walikuwa nyuma 2–1, dakika moja na robo hivi imebaki. Bryan Bickell akasawazisha. Sekunde 17 baadaye Oduya akapiga shuti kutoka mbali, akiwa nyuma kabisa ambako beki hukaa. Kile kisahani cheusi kikamgusa mwenzake njiani, kikagonga mlingoti wa goli, Dave Bolland akamalizia. Kombe likawa lao. Kwenye kitabu cha mabao limeandikwa jina la Bolland, na ni haki. Lakini mwambie kijana aangalie bao lilianzia wapi.

Nimemuuliza rafiki yangu aliyefundisha magongo ya nyasini kwa muda mrefu kwa nini mabeki huchelewa. Akanipa jibu lililoniingia. Mshambuliaji akikosea, mpira umepotea tu, atautafuta tena. Beki akikosea, nyuma yake yuko kipa peke yake. Kwa hiyo kocha humwamini beki taratibu, na beki mwenyewe hujifunza kwa kuuona mchezo mara nyingi mno: lini ukae, lini utoke, mshambuliaji akiinamisha bega hili anakwenda upande gani. Mwendo wa miguu unaonekana ukiwa na miaka 15. Kusoma mchezo hakuonekani, na ndiko kunakomweka mtu ligini hadi miaka 36. Waliomruka kijana wetu walimpima kwa kile kinachoonekana leo. Sikasiriki nao, ndiyo kazi yao. Ila hukumu yao ni ya leo.

Tena nisikupambie. Kaka yake Oduya, Fredrik, naye alikuwa beki na aliteuliwa na San Jose Sharks mwaka 1993. Hakuwahi kucheza NHL. Damu moja, nyumba moja, mchezo mmoja. Na pale Keringet, kati ya wale wasichana wa mlimani, huenda asitokee hata mmoja wa kukimbia Olimpiki. Mwalimu anajua hivyo na wao wanajua. Ndiyo maana saa moja na nusu walikuwa wameshaoga, wamevaa sare, wanaingia darasani. Wengine mbio zitawapa nafasi ya chuo. Wengine watachukuliwa na polisi au jeshi, ambao huajiri wanariadha. Wengine watarudi shambani wakiwa na mapafu mazuri na marafiki wa maisha. Sikuona mtu pale anayekimbia kana kwamba hana kingine duniani.

Kijana akijisikia mpweke, akiona ngozi yake peke yake kwenye barafu, mwambie na Nairobi wapo wenzake. Kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, Mombasa Road, uliofunguliwa mwaka 2005, vijana wa Ice Lions walifanya mazoezi miaka mingi bila timu nyingine ya kucheza nayo. Mwaka 2018 kampuni ya Tim Hortons iliwapeleka Kanada, wakavaa jezi na kucheza pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Walijifunza mchezo kabla hawajapata mpinzani. Huo nao ni uvumilivu wa namna yake.

Basi hili ndilo jibu langu. Usimwambie aache, wala usimwambie kwamba atafika. Muulize, mkiwa wawili tu garini, kama bado anapenda kuamka saa kumi. Akisema ndiyo, mtafutie timu itakayompanga kila wiki, hata ikiwa ya ngazi ya chini, kwa maana beki hakui akiwa amekaa kwenye benchi la timu yenye jina. Kocha wake mchunguze tabia kabla ya kumchunguza ufundi. Wakala anayekupigia simu mtoto akiwa na miaka 16, mwambie arudi baadaye. Shule isiguswe. Na usimpime mwaka huu kwa mwaka jana; mpe miaka minne au mitano, kama aliyoipata Waruinge, aliyoipata Kipyegon, aliyoipata Oduya. Ikipita hiyo na bado mlango umefungwa, atakuwa na elimu, mwili wenye afya, na heshima ya mtu aliyejaribu mpaka mwisho wa nguvu zake. Akisema hapendi tena, mkubalie siku hiyo hiyo, na usimkumbushe gharama ya vifaa.

Na jambo la mwisho, hili naliomba kama shangazi yake. Mlete Agosti, shule zenu zikiwa zimefungwa. Nimeshazungumza na mwalimu wa Keringet na amekubali: kijana atakaa wiki mbili, ataamka na wale wasichana, atapanda ule mlima. Hapa kwetu ni mwinuko, mapafu yake yatapata kazi ya kweli. Aje na viatu vya mbio jozi mbili au tatu za ziada, za miguu ya wasichana, namba 37 hadi 40, maana wenye kuvihitaji nimewaona kwa macho yangu. Nijulishe tarehe mapema nimwambie mwenyeji wangu aandae kitanda, na Mama aache kuuliza habari za theluji aanze kuuliza habari za ndege.

Wasalimie wote nyumbani kwako.

Ni mimi dada yako akupendaye